Kiraka si haya: juu ya velu za Kasai na wale wanaoziharibu kwa kuzitengeneza

Hapa Lubumbashi, watu wengi wakiona kitambaa cha rafia cha Wakuba kimetundikwa ukutani wanasema: « Hii ni tapi ya Bakuba. » Neno hilo tulilipokea kwa wazungu, na tapi, sawa vile tunajua sisi wote, ni kitu cha kutandika chini ili miguu ipite juu yake. Kuna wandugu wasomi, wenye diploma sawa mimi, ambao hata mbele ya wanafunzi wanasema hivyo bila kufikiri. Naomba tuanze na hapo, maana kosa la jina limezaa kosa la mikono. Mukuba hakutandika kitambaa kile chini. Alikivaa, alikitoa kwa ndoa na kwa kulipa faini, alikipeleka kwa mfalme kama kodi, alikionyesha siku ya kilio, na kingine alishuka nacho kaburini. Lakini kwa kuwa tumekubali kukiita tapi, siku kinapopasuka tunakipeleka kwa mutu anayejua kutengeneza matapi ya salon na viti vya gari, na yeye anakitendea sawa vile anatendea vitu hivyo.

Makala hii ni ya ugomvi, nalisema mapema ili msomaji asishangae. Nagombana na watu wa namna tatu. Wa kwanza ni fundi anayeharibu akisema anatengeneza. Wa pili ni mchuuzi anayetengeneza ili adanganye. Wa tatu ni msomi anayesema kwamba kitambaa cha zamani hakiguswe hata kidogo, kikae tu kwenye sanduku mpaka kiliwe na wadudu. Huyu wa tatu ni mwenzangu, kwa hiyo nitamwacha mpaka mwisho.

Ili tuelewane, inafaa kwanza kujua kitambaa kinafanywa namna gani, maana wengi wanakisifu bila kukijua. Kati ya Wakuba, kufuma ni kazi ya wanaume. Mwanaume anakata jani changa la rafia ambalo halijafunguka bado, anabandua ngozi yake nyembamba, anaikausha, kisha anaichana mpaka inakuwa nyuzi. Nyuzi hizi hazisokotwi kama pamba, wala haziungwi moja kwa nyingine. Njo maana kitambaa kimoja hakiwezi kupita urefu wa jani lenyewe: kikitoka kwenye kitanda cha kufumia kina kama mita moja ao pungufu. Mutu akitaka kitambaa kirefu, inaomba ashone vipande vingi pamoja. Na kikitoka hapo ni kigumu sawa mkeka. Wanawake wanakipokea, wanakilowesha, wanakitwanga ndani ya kinu na kukisugua kwa mikono mpaka kinalainika. Mara nyingi wanakipaka tukula, ule unga mwekundu wa mti.

Kisha inaanza kazi ya sindano. Kwa velu yenyewe, ile yenye manyoya mafupi, mama anapitisha uzi mwembamba wa rafia chini ya uzi wa kitambaa, anauvuta mpaka inabaki ncha ndogo ya milimita mbili ao tatu, anakata upande wa pili kwa kisu kidogo, anasugua ili ncha zifunguke. Anarudia hivyo maelfu ya mara, bila karatasi ya kufuata. Michoro iko ndani ya kichwa chake. Kipande kidogo kinaweza kumaliza mwezi, kikubwa miezi mingi, kwa sababu mama huyo ana shamba vilevile, na watoto, na maji ya kuchota. Sasa tushike jambo hili moja, maana maneno yote yanayofuata yanasimama juu yake: hakuna fundo. Ncha zile zote zinashikwa na mkazo wa kitambaa peke yake. Kitambaa kikilegea, manyoya yanatoka moja moja, na hakuna mutu atakayeyarudisha kwa burashi.

Zulia la Iran ao la Uturuki si hivyo. Kule uzi wa sufu unafungwa fundo juu ya nyuzi mbili za msingi, kisha fundo zinakandamizwa safu kwa safu. Mafundi wa kule, ambao kazi yao ni ya heshima na inalipwa vizuri, wanaweza kunyoosha nyuzi mpya za msingi pale penye shimo na kufunga tena fundo moja moja mpaka shimo linapotea. Wanaweza pia kulifua zulia kwa maji mengi, maana sufu inavumilia. Nawasifu. Lakini mutu akichukua akili ile ya zulia na kuileta juu ya rafia, ameleta dawa ya ng'ombe kwa kuku. Rafia ikinywa maji mengi inavimba, ikikauka inajikunja, mkazo unapotea, tukula inaweza kutoka na kuchafua rangi zingine. Halafu wanashangaa kwamba velu imekuwa na upara.

Nitatoa mfano, bila kutaja mutu. Katika Katuba kuna familia ambayo mama wa nyumba ni mutu wa Mweka. (Mukuba, ndiyo, si Muluba. Hapa kwetu tunazoea kusema « batu ya Kasai » kama kwamba wote walizaliwa tumbo moja.) Alikuwa na velu mbili na sketi ndefu moja, vitu vya mama yake mzazi. Panya walitoboa velu moja pembeni, na nyingine ilikuwa imepasuka pale ilipokunjwa miaka mingi. Akaita fundi. Fundi akaangalia, akacheka kidogo, akasema: « Mamu, usiogope, minatengeneza yote, itakuwa sawa mupya. » Na kweli alifanya kazi kubwa. Alifua kwa sabuni ya unga. Alishona pale palipopasuka kwa uzi wa nilo, mashona madogo madogo, ya karibu karibu, kama ya suruali. Nyuma alibandika kitambaa cha pamba kwa kole. Mwisho akapiga pasi ya moto ili iwe sawasawa. Mama alilipa, akasema aksanti.

Mwaka mmoja haukupita. Mimi mwenyewe niliitwa kuangalia, si kwamba ni fundi, lakini kwa kuwa mwalimu hapa kwetu anafikiriwa kujua yote. Uzi wa nilo ulikuwa mzima kabisa, unang'aa. Rafia kando yake ilikuwa imekatika kwa mstari, kama karatasi iliyotobolewa tobolewa ili ipasuliwe vizuri. Mpasuo wa kwanza ulikuwa wa kidole kimoja. Wa pili ulikuwa wa kiganja kizima. Kole ilikuwa imekuwa ngumu, na kila pahali ilipokauka, kitambaa kilivunjika kikikunjwa. Manyoya yalilala kwa sababu ya pasi na hayakusimama tena. Velu iliyoishi na mama wawili bila shida iliuawa na fundi mmoja kwa juma moja.

Kila fundi wa nguo anapaswa kujua sheria hii, na si sheria ya Wakuba peke yao: uzi wa kutengeneza usipite nguvu ya kitambaa. Siku kitu kikivutwa, inaomba kiloko kikatike. Ukishona kwa rafia, rafia yako njo itakatika, na utairudisha kesho kwa dakika kumi. Ukishona kwa nilo, nilo haitakatika. Kitambaa cha bibi yako njo kitakatika. Sheria ya pili: usitie kitu ambacho mwingine hataweza kukitoa. Shona linafunguliwa. Kole haifunguliwe. Mutu asiyejua mambo haya mawili anaweza kuwa fundi mzuri sana wa suti, na sina ugomvi na suti zake.

Wengine watanijibu: « Lakini mwalimu, kama tusipotengeneza, mashimo yatabaki. » Nani amesema tusitengeneze? Wakuba walitengeneza tangu zamani. Kile kinu nilichokitaja kinalainisha, lakini kinatoboa pia. Wale waliochunguza vitambaa hivi wanaeleza kwamba viraka vingi tunavyoviona kwenye sketi za wanawake, zile wanazoita ntshak, ambazo zinaweza kupita mita tano, vilianza kama dawa ya matundu ya kinu. Mama aliona tundu, akakata kipande kidogo cha rafia, cha duara, ao chenye umbo la mkia, ao kilichopindika kama kona, akakishona juu yake. Kwa kuwa kiraka kimoja peke yake kinaonekana kama ajali, akaweka kingine pahali ambapo hapana tundu, na kingine tena, mpaka kitambaa chote kikawa na mpango wake. Wazungu waliponunua vitambaa hivyo walivitazama kama michoro mikubwa. Henri Matisse, mchoraji wa Ufaransa, alikuwa na velu na vitambaa vya Wakuba nyumbani mwake, akivitundika ukutani. Aliangalia kwa muda mrefu, miongoni mwa mambo mengine, matengenezo.

Kwa hiyo kutengeneza ni mila, na mila yenyewe inasema namna: kwa rafia, kwa sindano, mbele ya macho ya watu, bila kuficha. Kiraka cha Mukuba hakisemi « hapa hapakuwa na tundu ». Kinasema « hapa palikuwa na tundu na mutu alipashughulikia ». Fundi wa Katuba, naye, alitaka tundu lipotee, njo maana alipoteza kitambaa.

Sasa tuje kwa mchuuzi. Huyu anajua vizuri kwamba viraka vinapendwa. Mzungu, ao tajiri wetu aliyezoea kusafiri, anaona kiraka anafikiri ni uzee, na uzee unalipwa. Basi kitambaa kilichofumwa mwaka jana kinachovywa katika majani ya chai, kinasuguliwa chini, kinaachwa karibu na moshi, kinashonewa viraka vitano sita, halafu kinapewa hadithi. « Angaria biraka byake, patron, hii kintu ya chef, ya wakati wa Leopold. » Nilisikia maneno haya kwa masikio yangu, na mnunuzi akatoa dola. Msomaji anayetaka kununua ageuze kitambaa na kukishika mbele ya mwanga. Rangi ya chai inaingia kila pahali kwa usawa, hata ndani ya mishono. Uzee wa kweli hauingii hivyo, unakaa pale palipokunjwa, pale palipokaliwa, pale mkono ulipozoea kushika. Na kitambaa kilichovaliwa hakikwaruziki kwa mstari mmoja kama kilichosuguliwa kwenye sima.

Lakini tuwe waangalifu, wengine wamesoma kidogo na wanakimbilia kusema: kiraka kisicho na tundu chini yake ni cha uongo. Sivyo. Nimesema hapo juu kwamba mama mwenyewe aliweka viraka pahali pasipo tundu, kwa uzuri tu. Uongo hauko katika kiraka, uko katika mdomo wa anayeuza. Mama wa Mweka anayefuma na kudarizi leo na kuweka viraka vya uzuri anafanya kazi yake kwa haki, na kitambaa chake kipya kinastahili bei nzuri kama kipya. Mchuuzi anayekifanya kizee anamwibia mara mbili: anampa bei ya kitu kipya cha bei rahisi, kisha anafuta kazi yake na kuiandika kwa jina la marehemu asiyejulikana.

Kuna kitu kibaya kuliko hapo. Sketi ndefu hazina soko kubwa, maana nani ana ukuta wa mita tano? Basi zinakatwa. Kipande kinakuwa mfuko wa mto wa kiti, kingine kinawekwa kwenye kioo, kingine mkoba. Sehemu iliyoharibika inatupwa, na wanasema « tumeokoa ile nzuri ». Wanaita kazi hiyo kutengeneza, na wengine wanaifanya kwa ustadi wa kweli, siwezi kukataa. Lakini wamefikiri mwenyewe wa kitambaa ni nani? Sketi ile haikufanywa na mutu mmoja. Wanaume wa ukoo walifuma, wanawake kadhaa wa ukoo, upande wa mama, walidarizi kila mmoja kipande chake, pengine kwa miaka, kisha vipande vikashonwa pamoja. Tazama vizuri utaona mkono ukibadilika. Ni mali ya kundi. Siku ya kifo, familia inakaa, inajadiliana kitambaa gani kitaenda na marehemu na gani kitabaki. Kijana mmoja wa mjini aliyeachiwa sanduku na shangazi hana ruhusa ya kuuza peke yake, sawa vile hana ruhusa ya kuuza kaburi.

Na masanduku yenyewe si mengi tena. Reli iliyofika Ilebo mwaka 1928, ikipita Kananga na Mweka, njo ilileta watu wengi wa Kasai hapa Katanga kwa kazi, na vitambaa vilikuja ndani ya masanduku yao. Mwaka 1992 na 1993 tunajua yaliyotokea. Familia zilifukuzwa, zikalala majuma na miezi kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi zikingoja treni, na watu walikufa pale. Nani angeshughulika na velu wakati mtoto ana kuhara? Masanduku yaliachwa, yaliuzwa kwa unga, yaliibiwa. Halafu kule Kasai kwenyewe, kuanzia 2016, vita vya Kamuina Nsapu vilihamisha watu zaidi ya milioni moja na vijiji vikachomwa. Kila kitambaa kilichobaki leo katika nyumba ya Lubumbashi kimepita moto na treni. Njo maana nakasirika kukiona kinafia juu ya meza ya fundi, chini ya pasi. Naongeza, kwa kifupi tu, wale wanaosema katika maombi kwamba vitambaa hivi ni vya uchawi na vichomwe: waangalie kwanza rafia, tukula na jasho la mama, kisha wanionyeshe pepo amekaa upande gani.

Sasa nimfikie mwenzangu msomi. Yeye anasema hivi: kitu cha zamani ni ushuhuda, kila shona tunaloongeza ni uongo, angalieni Ulaya, wanakiweka kitambaa kwenye giza, kimelala ao kimezungushwa kwenye mti, hewa haibadiliki, wadudu wanauawa kwa baridi kali bila dawa, kama kimepasuka wanakishikiza tu juu ya kitambaa chembamba ili kisipasuke zaidi, hawajazi tundu. Yote hayo ni kweli, na ni kazi ya akili. Vitambaa alivyovikusanya William Sheppard, yule mmisionari mweusi wa Marekani aliyefika kwa mfalme wa Wakuba mwaka 1892, viko Hampton katika Virginia. Vya Emil Torday, aliyekuwa Mushenge mwaka 1908, viko London. Tervuren wana vyao vingi. Vitambaa vile visiguswe, nakubali. Vimekwisha kuwa vitabu, na kitabu hakiongezwi mistari na msomaji.

Lakini kitambaa cha mama wa Katuba si kitabu. Kilio kikija, kinatoka sandukuni. Kitatundikwa, kitashikwa, kitalowa machozi na pombe, kitarudi. Ukimwambia asikiguse, hutamzuia kukitumia, utamzuia tu kukitunza. Na giza lile, na hewa ile isiyobadilika, atavipata wapi pahali umeme unakatika siku tatu kwa juma? Mwenzangu anachukua sheria ya nyumba ya makumbusho yenye jenereta na kuipeleka kwa sanduku la bati chini ya kitanda. Akisikilizwa, matokeo yatakuwa yaleyale ya fundi wa kole, tofauti ni kwamba yeye ataua polepole na kwa maneno mazuri.

Tena nashangaa kitu kimoja. Tangu mfalme Philippe wa Ubelgiji alipokuja Kinshasa mwezi wa sita 2022 na kukabidhi ule mask Kakuungu wa Wasuku, kwa mkopo usio na mwisho, tunasikia mikutano juu ya mikutano: warudishe vyetu, warudishe vyetu. Na mimi nasema warudishe. Kinshasa kuna nyumba mpya ya makumbusho tangu 2019, iliyojengwa kwa musaada wa Korea ya Kusini, na sisi hapa tuna yetu ya Lubumbashi. Lakini wale wanaopaza sauti juu ya Tervuren, ni wangapi wamefungua sanduku la mama mkwe wao? Tunadai kitambaa kilicho Ulaya, kilichokaa salama kwa miaka mia, na tunaacha cha nyumbani kipigwe pasi.

Sababu ya ndani, nafikiri, ni haya. Kiraka kinatutia haya. Darasani naona mtoto akija na suruali ya kiraka, wenzake wanacheka mpaka mtoto anakataa kusimama mbele ya ubao. Mzazi anakopa kununua suruali ya salola, ambayo mzungu aliivaa akaitupa, mradi isiwe na kiraka. Sote tumekuwa hivyo. Neno « sawa mupya » njo limekuwa sifa kubwa kuliko zote, juu ya gari, juu ya nyumba, juu ya mutu mwenyewe. Fundi wa Katuba hakuvumbua kosa lake. Alimpa mteja kile ambacho mji mzima unataka. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1920 wamisionari walimwonyesha mfalme wa Wakuba pikipiki, wakitumaini atashangaa. Mashine haikumgusa. Alitazama alama za mipira ya magurudumu mchangani, akaagiza zinakiliwe kuwa mchoro na kuuita kwa jina lake. Sisi leo tungetazama pikipiki tu, na kuuliza bei.

Na shule? Tuna masomo ya kukata na kushona katika shule nyingi za mji huu. Wasichana wanajifunza mashine, kola, zipu, na ni vizuri, wanapata kazi. Lakini sijaona mahali ambapo mwanafunzi anashikishwa rafia hata kwa saa moja. Katika somo la esitetiki tunawafundisha nguzo za Wagiriki, na mwanafunzi anamaliza mtihani wa serikali bila kujua kwamba velu haina fundo. Sisemi tuondoe Wagiriki. Nasema saa mbili kwa muhula zinatosha kumfundisha msichana, na mvulana pia, kushikiza mpasuo kwa rafia na kushona kiraka cha wazi. Wamama wanaojua wako bado hapa mjini, wengine wamezeeka, macho yanapungua. Waitwe, na walipwe, si kupewa soda na kupigwa picha. Mzee anayekuja kueleza kazi ya miaka hamsini mbele ya darasa si mgeni wa sikukuu, ni mwalimu, na mwalimu analipwa (ao tuseme, anapaswa kulipwa, sisi wa mulango huo tunajua wimbo huu).

Kwa wenye masanduku, nasema maneno ya kazi tu. Msikunje velu mara mbili kwenye mstari uleule. Izungusheni kwenye kijiti kilichofungwa kitambaa cheupe cha pamba, manyoya yakiwa nje. Itoeni kila mwezi, mwangalie wadudu, muipige hewa kivulini, si juani. Maji, sabuni, pasi, kole: hapana. Mpasuo ukianza, ushikizeni mapema, ungali wa kidole. Kabla ya kumpa fundi, mpigeni picha pande mbili, simu zote zinaweza. Muulizeni atatumia uzi gani. Akijibu nilo, mchukueni kitambaa chenu mwende, hata kama ni shemeji.

Kwa kamati yetu ya utamaduni nina ombi moja, na najua litawachukiza wengine. Katika maonyesho yajayo, chini ya kila kitambaa tuandike si tu « Wakuba, Kasai, rafia », bali pia nani alikileta, kama kimetengenezwa, wapi, kwa uzi gani, na jina la aliyetengeneza akikubali. Viraka vipya viandikwe vipya. Kitambaa ambacho mwenyewe anakataa tuandike hivyo kisitundikwe. Tutapoteza vichache, pengine vile vya wanachama wakubwa. Mwaka unaofuata tutaona nani amerudi na sketi yake nzima, na nani alikuwa na mito ya kiti tu.